Kabla Hujanunua Turbo Kubwa: Mwongozo wa Kuchagua Turbo na Vifaa vya Kuiunga Mkono

"Nifunge turbo gani?" Kila anayeanza kuongeza nguvu gari lake huuliza hivyo, na swali hilo huanzia mwisho. Turbo ni pampu ya hewa. Haitoi nguvu yoyote yenyewe. Inasukuma hewa ndani ya silinda, na hewa hiyo haina faida kama hakuna mafuta ya kuichoma, ubaridi wa kuituliza, kompyuta inayojua imeingia kiasi gani, na klachi itakayobeba kinachotoka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana katika mwongozo huu turbo yenyewe inanunuliwa katikati ya safari.

Nakiri kwamba mimi nilianza kwa kununua. Injini ya lita 2.0, turbo iliyonipendeza kwa ukubwa wa mdomo wake, na busti (presha ya hewa ambayo turbo inaongeza juu ya hewa ya kawaida) iliyokuwa ikifika kamili kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika. Karatasi ya daino, mashine ya kupima nguvu ya gari, ilikuwa ya kujivunia. Barabarani ilikuwa nasubiri, nasubiri, halafu nguvu zote zinakuja kwa mkupuo wakati kona imeshafika. Nilipoitoa na kuweka ndogo zaidi nilipoteza nguvu za farasi kadhaa kileleni, lakini gari likawa jepesi kila mahali pengine. Tangu hapo nikiwa njia panda kati ya saizi mbili, nachukua ndogo.

Hatua ya 1: Pima injini uliyonayo

Pima komprasheni (presha inayobanwa) ya kila silinda. Kikipatikana kipimo cha uvujaji wa silinda, fanya na hicho, kwa sababu kinaonyesha hewa inatorokea wapi: kwenye valvu, ringi au gasketi ya hedi. Silinda moja ikiwa chini ya zenzake kwa zaidi ya asilimia 10, acha habari za turbo, shughulikia injini kwanza. Busti haiponyi ringi zilizokwisha, inazimaliza.

Kisha jaza mfumo wa hewa kwa presha ndogo kutoka nje, injini ikiwa imezimwa, na usikilize. Utashangaa ni mara ngapi turbo "iliyochoka" ni paipu iliyopasuka au klipu iliyolegea. Mwisho, rekodi mwendo mmoja wa nguvu kamili: busti, joto la hewa inayoingia, uwiano wa hewa na mafuta, na kama kuna kunoki (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda). Bila kumbukumbu hiyo hutajua baadaye ulichopata wala ulichoharibu.

Hatua ya 2: Taja lengo kwa namba, na mahali pa kulitumia

"Nataka liende sana" si lengo. "Nataka farasi 350 kwenye kranki (shafti kuu ya injini), na busti iwe imefika kamili kwenye mizunguko 3,500" ni lengo. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ni muhimu kuliko ya kwanza. Gari la kila siku huishi kati ya mizunguko 2,000 na 4,500. Gari la kuvuta mstari mnyooka linaweza kuvumilia turbo inayochelewa, maana likishaondoka halirudi chini ya 5,000. Gari la mzunguko wenye kona nyingi linataka mguu ukigusa, injini iitike.

Hakikisha pia unajua farasi wanahesabiwa wapi. Daino nyingi hupima kwenye magurudumu, na njia ya kutoka kranki hadi tairi hula sehemu. Ukichanganya namba hizo mbili, hesabu zote zinazofuata zitakuwa za uongo.

Halafu uliza: kwenye injini yangu, nini huvunjika kwanza? Kila injini ina kiungo chake dhaifu. Toyota 2JZ-GTE, yenye bloku ya chuma cha kusubu, imejijengea jina kwa kuvumilia nguvu nyingi kabla ya kufunguliwa. Subaru EJ257 inajulikana kwa pistoni ambazo kingo za kushikia ringi hupasuka injini ikinoki. Konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) nyingi za kiwandani haziuawi na farasi wa kileleni, zinauawa na toki (nguvu ya kuzungusha), hasa busti kubwa inapokuja mapema kwenye mizunguko ya chini. Kwa hiyo turbo ndogo iliyosukumwa kwa nguvu inaweza kukunja konrodi ambayo turbo ya kati, yenye farasi wale wale, ingeiacha salama. Kwa injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, jihadhari zaidi: kukanyaga hadi mwisho ukiwa kwenye gia kubwa na mizunguko ya chini huweza kusababisha mlipuko wa mapema unaovunja pistoni kwa pigo moja.

Hatua ya 3: Hesabu hewa

Hapa ndipo watu wengi hufunga macho, na hesabu yenyewe ni ya kalamu na karatasi.

Kanuni ya mkono kwa injini ya petroli: kila kilo 1 ya hewa kwa dakika hutoa takriban farasi 22. Farasi 350 wanahitaji karibu kilo 16 kwa dakika. Michoro mingi ya turbo hutumia ratili kwa dakika. Gawanya kilo kwa 0.454, utapata kama 35.

Sasa, injini ya lita 2.0 yenye mipigo minne humeza lita 1 kila mzunguko. Kwenye mizunguko 7,000, silinda zikijaa kwa asilimia 90, hiyo ni mita za ujazo 6.3 kwa dakika. Ili ujazo huo ubebe kilo 16, kila mita ya ujazo inapaswa kuwa na kilo 2.5 za hewa. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 45 kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, uzito huo unapatikana kwa presha ya karibu bar 2.3 kamili, yaani busti ya bar 1.3 juu ya hewa ya kawaida.

Bado hatujafika. Kompresa, upande wa turbo unaobana hewa, inafanya kazi zaidi ya hiyo bar 1.3, kwa kuwa intakula (kipoza hewa iliyobanwa) na paipu zinakula kama bar 0.1, na filta inakula kidogo upande wa kuingilia. Usawa wa bahari, kompresa inapokea bar 0.98 na kutoa bar 2.4. Gawanya: uwiano wa presha ni 2.45.

Sasa panda mlima. Mita 1,500 juu ya bahari presha ya hewa ni karibu bar 0.845. Ukitaka farasi wale wale, uwiano unaruka hadi karibu 2.9. Kompresa ile ile, gari lile lile, lakini shafti ya turbo inazunguka kwa kasi kubwa zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Mtu anayeishi juu akinakili orodha ya vifaa ya mtu wa pwani anaweza kuizungusha turbo kupita kikomo chake bila kujua, kwa sababu geji ya busti itamwonyesha namba ile ile.

Hatua ya 4: Soma ramani ya kompresa

Watengenezaji wa kuaminika, kama Garrett na BorgWarner, hutoa ramani ya kompresa zao. Mhimili wa chini ni kiasi cha hewa, wa pembeni ni uwiano wa presha. Ndani yake kuna visiwa kama mistari ya mwinuko kwenye ramani ya milima, na kila kisiwa kina asilimia ya ufanisi. Turbo isiyo na ramani ni kununua ng'ombe gizani.

Weka nukta yako ya kilele: kilo 16, uwiano 2.45. Kisha weka nukta ya pili, ile ambayo wengi huisahau. Kwenye mizunguko 3,500 injini humeza nusu ya hewa, kama kilo 8 kwa dakika, kwa uwiano ule ule. Chora mstari kati ya nukta hizo.

Nukta ya chini ikiangukia kushoto kwa mstari wa mwisho wa ramani, hapo ni eneo la saji: kompresa inasukuma hewa ambayo injini haiwezi kuimeza, hewa inarudi nyuma, na utasikia mtutumo wa kukatika-katika huku beringi zikipigwa. Turbo hiyo ni kubwa mno kwa lengo lako. Nukta ya juu ikiangukia mbali kulia, kwenye choki, kompresa imefika mwisho wa pumzi na inageuka kuwa jiko la kupasha hewa.

Tofauti ya ufanisi si ya kitabuni. Hewa ya nyuzi 25 ikibanwa kwa uwiano wa 2.45 na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 75, inatoka na takriban nyuzi 140. Ufanisi ukishuka hadi asilimia 62, inatoka na nyuzi 165. Geji inasoma busti ile ile, lakini hewa ni nyepesi zaidi na injini iko karibu zaidi na kunoki. Ndiyo maana "bar 1.3" ya turbo moja si sawa na "bar 1.3" ya nyingine. Anayekutajia busti peke yake hajakwambia kitu.

Na usidanganywe na namba iliyo kwenye jina. Ile 550 katika Garrett G25-550 ni dari, kiasi cha farasi ambacho kompresa inaweza kulisha mambo yote yakiwa sawa. Lengo lako libaki chini ya dari hiyo kwa nafasi ya kutosha, lakini usinunue dari ambayo hutaifikia maishani.

Hatua ya 5: Upande wa moto

Kompresa ikishachaguliwa, turbini, yaani upande unaozungushwa na moshi, ndiyo inayoamua itaamka lini. Nyumba ya turbini ina namba ya A/R, yaani ukubwa wa njia yake ya moshi, kwa mfano 0.63 au 0.82. Namba ndogo ni mlango mwembamba: moshi unapita kwa kasi, turbo inaamka mapema, lakini juu injini inabanwa. Namba kubwa ni kinyume chake. Kwa gari la barabarani lenye lengo kama la mfano wetu, ningeanza na ndogo.

Ukipata manifoldi ya moshi na nyumba ya turbini zenye njia mbili zilizotenganishwa, ni uboreshaji wa kweli, si urembo. Kwenye injini ya silinda nne inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, silinda 1 na 4 hupewa njia moja, 2 na 3 njia nyingine, ili pumzi ya moshi wa silinda moja isiingilie ya jirani. Ila kupeleka manifoldi ya njia mbili kwenye nyumba ya njia moja ni kupoteza faida yote mlangoni.

Beringi: za gololi huamka haraka kidogo na zina bei yake, za kuelea juu ya oili ni imara na rahisi kukarabati. Zote mbili hufa kwa oili chafu.

Westigeti inastahili heshima kuliko inayopewa. Kazi yake ni kupitisha moshi pembeni ya turbini ili busti isipande ovyo. Ikiwa ndogo, au ikiwa imefungwa mahali ambapo moshi unalazimika kukata kona kali kuifikia, busti itaendelea kupanda yenyewe kadiri mizunguko inavyopanda, hata springi ikiwa laini. Springi huweka busti ya chini kabisa, na kidhibiti cha elektroniki kinaweza kuongeza tu, hakiwezi kupunguza. Chagua springi ambayo kiwango chake ni salama hata kidhibiti kikifa, na usitegemee kidhibiti kiizidishe zaidi ya mara mbili.

Hatua ya 6: Mafuta kabla ya busti

Injini ya turbo kwa petroli hutumia karibu kilo 0.27 za mafuta kwa kila farasi kwa saa. Farasi 350 ni kilo 95 kwa saa, sawa na lita kama 128. Gawa kwa injekta nne, kisha hakikisha kila injekta haifanyi kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake. Unapata injekta ya karibu mililita 670 kwa dakika. Chukua saizi inayofuata juu.

Pampu nayo isomwe kwa makini. Namba iliyo kwenye boksi hupimwa kwa presha na volti fulani. Presha ya mafuta ikiwa bar 3, ukiongeza busti ya 1.3, pampu inasukuma dhidi ya bar 4.3, na mafuta yanayotolewa na pampu hupungua kadiri presha inavyopanda. Waya mwembamba wa kiwandani unaoipunguzia volti huzidisha tatizo. Tandika waya mpya wenye relei na fyuzi yake.

Ukipanga kutumia E85 (petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi), ongeza injekta na pampu kwa asilimia 30 hadi 40. Ethanoli huwaka kwa uwiano mdogo wa hewa, lakini inapoza silinda na inastahimili kunoki vizuri sana. Injini za kupuliza moja kwa moja zina shida ya ziada: pampu ya presha kubwa ina kikomo chake, na hapo injekta peke yake haisaidii.

Hatua ya 7: Kupoza na kupumua

Zile nyuzi 140 zinazotoka kwenye kompresa lazima zishuke hadi karibu 45 au 50 kabla ya kuingia kwenye injini. Intakula nzuri inafanya hivyo. Iliyo kubwa kupita kiasi hupoteza presha na huziba hewa ya rejeta nyuma yake. Nimeona magari yanayochemka kwa sababu ya intakula iliyofungwa kwa kujionyesha. Ziba mianya ya pembeni ili hewa ya mbele ipite katikati yake badala ya kuizunguka.

Vita dhidi ya joto hili ni vya zamani kama turbo za magari ya kawaida. Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 iliuzwa na tenki dogo la maji na methanoli lililopulizwa kwenye injini ili isinoki. Wenye magari wengi walisahau kulijaza. Ukifunga mfumo wa namna hiyo leo, hakikisha kompyuta inashusha busti tenki likikauka, kwa sababu na wewe utasahau.

Kwa upande wa eksozi, paipu inayotoka kwenye turbo ndiyo yenye faida kubwa. Milimita 76 inatosha kwa lengo letu. Kagua sheria za moshi za mahali unapoendesha kabla ya kugusa katalisti (kichujio cha moshi), na ijulishe kampuni yako ya bima.

Hatua ya 8: Oili, mahali nilipoaibika

Turbo yangu ya pili ilitoa moshi wa bluu siku ya kwanza. Nikaapa kwamba sili zimekufa. Nikaitoa, nikaikagua, nzima kabisa. Kosa lilikuwa paipu ya kurudisha oili: nilitumia nyembamba, na ilikuwa na kisigino kinachopanda kabla ya kushuka. Oili inaingia kwenye turbo kwa presha lakini inatoka kwa uzito wake tu. Ikikwama, inatafuta njia kupitia sili. Paipu ya kurudisha iwe nene, iteremke moja kwa moja, na iingie kwenye karta (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili.

Turbo za beringi za gololi kwa kawaida zinahitaji kizuizi chenye tundu la karibu milimita 1 kwenye njia ya kuingilia. Fuata maelekezo ya mtengenezaji. Fuata hayo hayo kuhusu njia za maji.

Siku ya kuwasha, mimina oili safi kwenye turbo kwa mkono. Kata mafuta na moto wa plagi, zungusha injini kwa stata mpaka presha ya oili ionekane, ndipo uwashe. Shafti inayoweza kupita mizunguko 150,000 kwa dakika haina msamaha kwa sekunde chache za ukavu.

Hatua ya 9: Plagi, klachi, kompyuta

Plagi za baridi zaidi kwa daraja moja, mwanya kati ya milimita 0.6 na 0.7 ili busti isizime cheche. Klachi inayobeba toki mpya. Ya zamani itateleza kwenye gia ya nne wiki ya kwanza. Breki na tairi ziwe tayari kabla ya farasi wapya.

Kompyuta haina mjadala: usiendeshe kwa busti hata mara moja na ramani ya zamani ya kompyuta, yaani mpangilio wake wa mafuta na cheche. Ukilazimika kulipeleka gari kwa mtyunaji, fundi wa kupanga kompyuta, liendeshe kwa mguu mwepesi, bila busti. Mpe fundi huyo sensa ya oksijeni ya masafa mapana, orodha kamili ya vifaa, na ukubwa halisi wa injekta. Kwa petroli, chini ya busti kamili, wengi hulenga uwiano wa hewa na mafuta kati ya 11.5 na 12. Mtyunaji anayeanza na busti ya springi na kupanda taratibu huku akisikiliza kunoki ndiye wako. Anayetaka namba kubwa katika mwendo wa tatu, chukua funguo zako uondoke. Omba pia kinga ziwekwe: busti ikizidi, presha ya mafuta ikishuka, au oili ikikosa presha, injini ikatwe.

Baada ya kilomita 500, rudi chini ya gari. Kaza upya boliti za manifoldi na turbo, maana joto huzilegeza. Toa plagi uzitazame: vidoto vidogo vya kung'aa kwenye kauri ni alumini ya pistoni. Ukiviona, simamisha gari hapo hapo na umpigie aliyekufanyia tyuni.